Bango la nyumba inayouzwa lina sekunde tatu tu

Swali: Assalaam alaykum fundi. Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja, nafanya kazi Magharibi B hapa Unguja, zaidi Kiembesamaki, Chukwani na njia ya Fumba. Mwaka jana nilichapisha mabango manne ya benaa, yale ya plastiki laini ya kufungwa kwa kamba, makubwa, yenye picha nzuri, nikayatundika kwenye nyumba na viwanja ninavyouza. Tokea hapo watu waliopiga simu kwa sababu ya bango ni wa kuhesabu, na rangi zimeshapauka. Wenzangu wananambia mabango yamepitwa na wakati, nitangaze mtandaoni tu. Nimekutumia picha. Kosa liko wapi, na bango zuri linatengenezwaje?

Jibu: Waalaykum salaam ndugu yangu. Picha zako zote nne nimeziangalia, na kwanza nikutoe wasiwasi: bango halijapitwa na wakati. Anayetaka nyumba Chukwani huenda Chukwani kutazama. Anayetaka kuhamia karibu na mama yake hupita mtaa wa mama yake kila wiki. Mtandao unamfikia kila mtu popote alipo, bango linamfikia yule ambaye mtaa ameshaupenda. Huyo ndiye mnunuzi aliye karibu zaidi na kutoa pesa, na sasa hivi anapita mbele ya mali yako bila kujua kwamba inauzwa.

Nianze na bango la njia ya Fumba, maana hilo limekusanya makosa yote. Theluthi nzima ya juu ni nembo yako. Chini yake pana picha ya jumba la ghorofa mbili lenye bwawa la kuogelea, ilhali mali yenyewe ni kiwanja chenye minazi na msingi ulioota majani. Kisha unafuata mstari wa herufi za kupindapinda: "Karibuni kwa mahitaji yenu yote ya nyumba, viwanja, mashamba, fremu na fukwe." Halafu namba tatu za simu na barua pepe. Neno KINAUZWA liko mstari wa tano, jekundu juu ya anga la buluu. Ulipolibuni bango hili ulikuwa umekaa mbele ya kompyuta, kioo kiko nusu mita kutoka machoni mwako, ukalisoma lote ukaridhika. Njiani hakuna atakayelisoma hivyo hata mmoja.

Kazi ya bango inaanzia njiani. Nenda pale kiwanjani, simama upande wa pili wa barabara, uangalie gari zinavyopita. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa inakata mita 14 kwa sekunde moja. Sasa weka hesabu ya pili. Wahandisi wa alama za barabarani Marekani hupima kwa kanuni ya inchi moja ya urefu wa herufi kwa kila futi 30 za umbali. Kwa vipimo vyetu, kila sentimita moja ya herufi inakupa mita tatu na nusu hivi za kusomeka. Namba zako za simu, kwa ninavyokadiria kwenye picha, zina sentimita 4. Zinaanza kusomeka mita 14 kabla ya bango, yaani sekunde moja tu kabla gari halijapita. Ndani ya sekunde hiyo unamtaka dereva asome namba tatu.

Herufi za sentimita 12 zinaanza kusomeka kama mita 43 kabla. Hapo msomaji ana sekunde tatu, na mita za mwisho zinapotea kwa sababu bango linakuwa limeshaingia ubavuni mwa gari. Sekunde tatu zinatosha mambo mawili: kujua kitu gani kinauzwa, na kuishika namba ya simu, au angalau kuishika sura ya bango ili mtu akirudi jioni alitafute. Jambo la tatu halina nafasi kwa anayepita na gari. Kila ulichoongeza, nembo, picha, salamu, barua pepe, kilikula sentimita za haya mawili.

Kwa njia ya Fumba chukua ubao wa futi 8 kwa 4, umwambie seremala aukate vipande vitatu. Kila kipande kitakuwa na upana wa sentimita 122 na kimo cha 81. Hicho ni kipimo kizuri cha bango la barabarani na hakitupi hata ukingo mmoja wa ubao. Acha sentimita 8 wazi kila upande. Watu wanapenda kujaza hadi ukingoni, lakini nafasi tupu ndiyo inayoyafanya maandishi yatoke mbele. Mstari wa kwanza uwe INAUZWA au KINAUZWA, herufi nene zilizosimama wima, zisizo na mikia. INAUZWA yenye herufi saba inaingia kwa kimo cha sentimita 18, KINAUZWA inashuka hadi kama 16. Ikiwa nyumba ni ya kukodisha, INAKODISHWA ina herufi kumi na moja, na kwenye upana huo huo haitazidi sentimita 12. Basi usimwachie mchapaji akuchagulie ukubwa, kwani atalibana neno mpaka liingie. Mstari wa pili ni kitu chenyewe kwa maneno machache, "Nyumba, vyumba 3" au "Kiwanja, mita 20 kwa 30". Mstari wa tatu ni namba moja ya simu, sentimita 12, iliyogawanywa: nne, nafasi, tatu, nafasi, tatu. Namba kumi zilizoshikamana haziingii kichwani. Jina lako liwe chini kabisa, dogo.

Nasema namba moja. Ukiweka tatu, anayepita hana hata moja atakayoondoka nayo. Kama una laini nyingi, chagua ile isiyozimwa na ambayo WhatsApp yake unaijibu. Kuhusu vipimo, andika mita, usiandike hatua. Hatua ishirini za mtu mrefu na za mtu mfupi hazilingani, na mnunuzi akija na mkanda wake mtagombana mbele ya mwenye mali.

Picha iondoe kabisa. Nyumba yenyewe iko pale, picha ya nini? Na picha ya jumba la mtandaoni juu ya kiwanja chenye minazi inamfanya mtu ajiulize ni lipi jengine la uongo.

Tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo mchapaji wako alipokuharibia. Nyekundu juu ya buluu zinaonekana tofauti machoni, lakini uzito wake unakaribiana, na kwa mbali zinachanganyika. Una njia ya kupima hata kabla ya kulipa: piga picha mchoro wako kwa simu, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Maandishi yakimezwa na kijivu, na njiani yatamezwa. Nyeusi juu ya njano inapita zote kwa kuonekana mbali. Nyeusi au buluu iliyokoza juu ya nyeupe nazo ni imara. Kijani na njano pamoja ukiweka, hasa kunapokaribia uchaguzi, mtu ataona rangi za CCM akaendelea na safari yake akidhani ni bango la mgombea. Zambarau nayo watadhani ni ya ACT-Wazalendo. Na ukuta usiuandike kwa rangi nyekundu hata siku moja: watu wameshazoea kwamba nyumba yenye alama nyekundu ukutani ni ya kubomolewa.

Kupauka kwa mabango yako nako kuna sababu inayojulikana. Wino wa mashine za benaa ni rangi nne zinazochanganywa, na jua linaanza kuila nyekundu ya waridi na njano. Buluu na nyeusi hubaki nyuma. Ndiyo maana katika picha zako anga la buluu bado lipo zuri, na KINAUZWA, lililokuwa jekundu, limebaki kivuli. Kilichokuwa na maana zaidi ndicho kilichotangulia kuondoka. Maandishi yako muhimu yawe meusi, hata kama unaipenda nyekundu.

Benaa yenyewe naiona ni ya harusi na maulidi, kitu cha siku chache. Upepo wa kusi unaipigapiga mpaka tundu za kamba zinachanika, na ikishalegea upande mmoja inajikunja, mtu anasoma nusu ya namba. Kwa bango litakalokaa miezi, kuna njia mbili ninazoziamini. Moja ni ubao wa alumini wenye plastiki katikati, ule ambao mafundi wote wanauita Alucobond hata ukiwa wa kampuni nyengine. Unabandikwa stika iliyofunikwa kwa karatasi ya plastiki ya kuzuia jua. Haushiki kutu wala hauvimbi. Njia ya pili ni plaiwudi ile nyeusi ya kumwagia zege, iliyopigwa rangi ya mafuta na kuandikwa kwa mkono. Wachoraji wetu wa vibao bado wapo, na herufi ya mchoraji mzuri, kwa rangi nyeusi ya mafuta, inashindana na jua kuliko chapa ya bei rahisi. Mchoraji pia anakuja mahali penyewe, anasimama ng'ambo ya barabara, anakwambia herufi hii haitoshi. Ninawapigania kwa sababu kazi yao naijua, na ninaona watu wanawapita wakidhani kilichotoka mashineni lazima kiwe bora. Ila mwambie azibe kingo za plaiwudi kwa rangi mara mbili, maana maji ya masika huingilia hapo hapo kwenye ukingo, na ubao unafunguka matabaka.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hewa yetu ina chumvi, na msumari wa kawaida utakuachia mchirizi wa kahawia uliopita katikati ya namba ya simu. Nguzo za mti mchwa atazimaliza, kwa hiyo tumia bomba la mabati, shimo la nusu mita na zaidi, na zege kidogo. Ukingo wa chini wa bango uwe mita moja na nusu kutoka ardhini. Ukilishusha, linakaa nyuma ya vespa iliyoegeshwa, na ukilisimamisha Januari wakati pamekauka, kufika Mei masika yatakuwa yameotesha majani mpaka kwenye namba.

Sasa kuelekea. Mabango yako mawili yamebandikwa bapa ukutani, yakitazamana na barabara. Hayo yanaonekana na mwenye duka wa mbele tu. Mwenye gari analiona akishalifikia ubavuni, na abiria wa daladala za mabenchi, zile ambazo watu hukaa wakitazamana, anatupa jicho mara moja tu pembeni. Bango lisimame likiikata barabara, uso mmoja kwa wanaokwenda na mwengine kwa wanaorudi, pande zote mbili zimeandikwa sawa. Kama kuna ukuta, fundi wa chuma atakutengenezea mkono wa kutokeza kwenye kona. Gari zetu zinapita kushoto, kwa hiyo bango lililo upande wa kushoto wa mwendo liko karibu na dereva. Lililo kulia analitazama akivuka macho juu ya gari zinazokuja. Ukiwa na uchaguzi wa kona mbili za kiwanja, jiulize asubuhi gari nyingi zinaelekea wapi.

Na tafuta tuta. Mahali penye tuta, kituo cha daladala au njia panda, mwendo unashuka hadi chini ya kilomita 20 kwa saa, na zile sekunde tatu zinakuwa saba au nane kwa bango lile lile. Mita ishirini za kulisogeza bango zinaweza kukupa zaidi ya kuliongeza ukubwa mara mbili. Lakini lisiingie kwenye hifadhi ya barabara, maana siku watakapokuja kupanua njia au kusafisha kando, litang'olewa na huna wa kumlalamikia. Kabla hujachimba shimo pita baraza lako la manispaa uulize kuhusu kibali na ada.

Nyumba zako za Kiembesamaki zina mambo yake. Zimo ndani, unakata njia ya vumbi, unapita skuli, unakata tena. Bango zuri lililo mlangoni kwa nyumba kama hiyo halina anayelipita zaidi ya majirani, ambao habari wanayo tangu siku mwenye nyumba alipoanza kuwaza kuuza. Hapo unahitaji vibao viwili vyenye kazi mbili. Cha kwanza kiko kwenye kona ya barabara kubwa, chenye NYUMBA INAUZWA, mshale mnene na namba. Omba ruhusa kwa mwenye ukuta huo. Cha pili kiko kwenye nyumba, kidogo, sentimita 60 kwa 40 kinatosha, kwa sababu anayekisoma anatembea kwa miguu au ameshasimamisha gari. Hicho cha pili ndicho kinachoweza kubeba maneno zaidi: vyumba, kisima, ukubwa wa uwanja. Na msimbo wa QR ukiutaka uweke hapo, si barabarani. Simu huusoma kwa umbali wa kama mara kumi ya upana wake, hivyo msimbo wa sentimita 10 mtu anausoma akiwa mita moja.

Kwenye kibao cha nyumba ambayo bado watu wanaishi, andika "Piga simu kwanza, usibishe hodi." Nakuomba usilipuuze hili. Ukitundika bango unawaleta wageni kwenye mlango wa mtu, na ndani pana kina mama na watoto wanaotaka stara yao. Mwenye nyumba atakayechoshwa na hodi za saa ya adhuhuri atakung'olea bango mwenyewe, na nyumba atampa dalali mwengine.

Bei? Kwa nyumba ya kukodisha, andika kodi ya mwezi. Itakupunguzia simu za wasioweza na kuwaleta wanaoweza. Kwa ya kuuza, ningeiacha, kwa sababu bei ya kuuza ina mazungumzo yake na mwenye mali hapendi mtaa mzima ujue atapata ngapi.

Kabla ya yote hayo kuna jambo ambalo dalali kijana huliruka kwa haraka zake. Bango ni tamko la hadharani kwamba mali hii inauzwa na mwenye haki ya kuuza. Umewahi kuona kuta zilizoandikwa "Nyumba hii haiuzwi". Nyingi kati ya hizo zimeandikwa na watoto wa marehemu baada ya mwenzao mmoja kwenda kwa dalali peke yake. Kama nyumba ni ya mirathi, ona kwanza warithi wote, wakiwemo dada zao walioolewa mbali, na uhakikishe mirathi imepita mahakamani. Zungumza na sheha. Soma hati yenyewe, usisimuliwe. Na usiandike "ina hati" kwa mali ambayo ina karatasi ya mauziano tu. Kwa wageni wa nchi za nje kuwa mwangalifu zaidi: ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 haki ya kuitumia inashikwa na Mzanzibari. Mgeni anapita kwenye ukodishaji kupitia mamlaka ya uwekezaji, au kwenye fleti za miradi iliyoruhusiwa. Bango la Kiingereza la Paje linaloahidi kumuuzia mgeni kiwanja moja kwa moja linamdanganya, na jina lililo chini yake ni la dalali.

Ukija kupata kazi Mji Mkongwe, hesabu hizi za gari zisahau. Kule mtu yuko mita tatu kutoka ukutani, anatembea. Kibao kidogo cha mbao kinachoning'inia juu ya kichwa, kikitazama urefu wa kichochoro, kinafanya kazi yote. Mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ndiyo yenye kauli juu ya kinachotundikwa, kwa hiyo usitoboe ukuta wa mawe na chokaa kabla hujawaona.

Mchoro wako mpya ukiwa tayari, usiupeleke kuchapishwa siku hiyo hiyo. Bango la 122 kwa 81 ukilichapa kwenye karatasi ya A4 linakuwa kama robo ya upana wake na robo ya kimo chake. Basi liweke ukutani, rudi nyuma mita 11, ambazo ni sawa na mita 43 au 44 za barabarani. Mwite mtu asiyejua unauza nini, aangalie kwa sekunde tatu, ageuke. Muulize kinauzwa nini na namba inaanzaje. Akikosa, punguza maneno. Usimwongezee sekunde.

Yakishasimama, kila anayepiga muulize ameona wapi, uandike kwenye daftari: Fumba, kona ya skuli, mtandaoni. Baada ya miezi miwili daftari litakwambia lipi lihamishwe. Na mali ikishauzwa, bango liondoke ndani ya wiki. Bango la nyumba iliyokwisha kuuzwa linawafanya watu wapige simu bure, na mara ya pili hawapigi tena, hata ukiwa na nyumba wanayoitaka.

Anza na la Fumba, ndilo linalopitwa na watu wengi zaidi. Benaa ifungue leo, ila mabomba yake nimeyaona kwenye picha, bado mazima. Itakulazimu tu uizungushe fremu iikate barabara, na seremala akupimie ubao mpya juu ya nguzo hizo hizo.